Mazungumzo yetu ya dini chuoni yaligeuka mhadhara. Tuanzeje upya?

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili, kwetu ni Malindi na nasoma chuo kikuu hapa Kaunti ya Kilifi. Tuko wanane: Wakristo watano, mmoja wao Msabato, Waislamu wawili, na kijana mmoja Mgiriama anayesema yeye anafuata dini ya wazee wake. Tulianza vikao vya kuzungumzia dini zetu ili tujuane. Cha kwanza kilikwenda vizuri. Cha pili, mwenzetu alimleta rafiki yake aliyekuja na Biblia na Qur'ani zimetiwa alama kila ukurasa, akaanza kuuliza "aya iko wapi?" Mwingine alirekodi kwa simu na kipande kikasambaa WhatsApp. Sasa viongozi wa chama cha wanafunzi Waislamu na wa umoja wa Wakristo wamewaonya watu wao wasije kwetu. Tuache? Na kama si kuacha, tuanze vipi tena?

JIBU: Msiache, lakini msiitishe kikao chochote mwezi huu.

Kilichowavunja si tofauti za dini. Mtoto wa Malindi amezaliwa ndani ya tofauti hizo. Adhana na kengele amezisikia tangu utotoni, na mahamri ya asubuhi hununua kwa mama yule yule bila kumwuliza anaabudu wapi. Kilichowavunja ni shaka. Mgeni alipofungua vitabu vyake, kila aliyekuwa mle ndani alijiuliza kimoyomoyo, "Kumbe niliitiwa hili?" Vikundi kama chenu hufa kwa shaka ya nia iliyofichwa, na mara chache sana hufa kwa ubishi wa itikadi. Ndiyo maana karibu kila ninalowashauri hapa ni njia ya kuiweka nia hadharani.

Mhadhara, yaani mjadala wa dini wa hadharani, una kanuni zake, na siudharau. Hapa Pwani una wenyewe na una wapenzi wake. Mna wasemaji wawili, vitabu viwili na umati, na kila msemaji, hata akimtazama mwenzake, anausemesha umati. Mazungumzo hayana umati. Mtu mmoja akikaa pembeni kama mtazamaji, au simu moja ikiwashwa, umati umeshaingia na watu wataanza kuusemesha. Kwa hiyo hakuna kurekodi, hakuna picha wakati wa kikao, na hakuna mgeni kabla ya kikao cha nne. Hata baada ya hapo, mgeni huja kwa idhini ya wote, akiwa amesoma kanuni kabla, na anakaa ndani ya duara kama wengine. Yule rafiki wa vitabu vya alama si adui. Mkutane naye faragha, mumweleze tofauti hii, mumwachie achague. Wengi wa namna yake wana elimu kubwa ya maandiko na wakikubali kanuni huwa hazina.

Malindi ina mfano wa zamani wa jambo hili. Mwaka 1542 Francis Xavier, padre Mjesuti aliyekuwa njiani kwenda India, alishuka mjini hapo. Katika barua aliyoiandika alipofika Goa anasimulia kwamba Mwislamu mmoja wa kuheshimiwa alimwuliza kama Wakristo kwao bado wanahudhuria makanisa yao kwa wingi, kwa sababu hapa ibada ilikuwa imepoa: misikiti ilikuwa 17, na watu walikwenda mitatu tu, tena wachache. Litazameni swali hilo. Ni la mtu mwenye shida anayemwuliza mwenzake kama naye anayo. Xavier akalijibu kwa hukumu, kwamba Mungu hapendezwi na sala za wasioamini, yule Mwislamu akiwamo, wakabishana na kuachana kila mtu na lake. Swali lilikuwa la mazungumzo, jibu likawa la mhadhara. Nanyi pia mkiwa na kanuni moja tu ya kuchagua mada, iwe hii: anzeni na shida ambayo pande zote zinayo.

Sasa urekebishaji. Kwanza kile kipande cha video. Aliyerekodi aende mwenyewe kwa kila anayeonekana humo, aombe radhi, akifute alikokiweka na awaombe waliokisambaza wakifute. Hakitafutika chote, lakini watu wataona kwamba mmejali. Pili, viongozi wa vyama. Kosa la kawaida ni kumtuma Mwislamu kwa Waislamu na Mkristo kwa Wakristo. Kila mmoja huko huongea lugha ya ndani, na ahadi mbili tofauti hutolewa. Nendeni wawili wawili, Mwislamu na Mkristo pamoja, kwa ofisi zote mbili, na karatasi moja yenye maneno yale yale. Isizidi ukurasa mmoja.

Karatasi hiyo ijibu hofu tatu ambazo kila kiongozi wa dini anazo hata asipozitaja. Ya kwanza ni kuchanganya dini: andikeni kwamba hamtaswali wala kusali ibada ya pamoja. Ya pili ni kuvutwa kwa waumini: andikeni kanuni ya mahubiri, nitakayoieleza. Ya tatu ni kwamba vijana wasio na elimu ya kutosha watasema mambo kwa jina la dini nzima. Andikeni kwamba kila mtu husema "mimi huamini hivi", "nyumbani kwetu tulifundishwa hivi", na swali la fatwa au la mafundisho rasmi huandikwa na kupelekwa kwa shekhe, padre au mchungaji. Kiongozi akiona kwamba hata hilo mmelifikiria, ukali hupungua. Msimwombe awaunge mkono. Mwombeni asiwazuie, hilo litatosha kwa muhula mmoja.

Kuhusu mahubiri, vikundi vingi huandika kanuni ya uongo: "Hapa hakuna anayetaka kumbadili mwenzake." Si kweli. Mwislamu ana wajibu wa daawa, yaani kuwaita watu katika Uislamu, na Mkristo ana agizo la kuhubiri Injili. Mkiwalazimisha watu kukana hilo mnawafundisha unafiki siku ya kwanza, na ile shaka inarudi kwa mlango wa nyuma. Andikeni ukweli: mtu yeyote anaweza kutamani mwenzake aifuate dini yake, na anaweza kusema hivyo wazi akiulizwa, lakini hahubiri ndani ya kikao, wala hatumii namba ya simu au urafiki alioupata humu kumfuata mtu bwenini. Anayevunja huonywa mara moja, mara ya pili hutoka.

Idadi. Wanane ni wachache kidogo, na uwiano wenu wa Wakristo watano kwa Waislamu wawili ni mbaya. Hao wawili watageuzwa mabalozi, kila swali la Uislamu litawaangukia, na baada ya vikao vitatu watachoka. Ongezeni Waislamu wawili au watatu, angalau mmoja msichana, na msizidi 12. Msabato na Mkatoliki wasihesabiwe kama kitu kimoja, kama vile msivyotarajia kijana aliyelelewa katika kisomo cha Maulidi aseme sawa na mwenzake anayeupinga. Tofauti za ndani zikionekana mapema, watu huacha kusema "nyinyi".

Na huyo kijana wa Kigiriama asiitwe "wa mila" huku wengine mkiitwa "wa dini". Anamjua Mulungu, ana koma (roho za wazee waliokufa), ana kaya (makao matakatifu ya wazee msituni). Misitu mitakatifu ya kaya za Mijikenda iko katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2008. Tena wengi wenu mna babu au nyanya aliyeishi katika dini hiyo, na mna aibu ya kulisema. Zamu yake iwe sawa na ya wengine kwa dakika.

Siku na saa huua vikundi vingi kuliko itikadi. Ijumaa mchana ni ya Waislamu, na kuanzia machweo ya Ijumaa hadi machweo ya Jumamosi Msabato hayupo. Jumapili mnaijua. Chagueni katikati ya juma. Kwetu hapa alasiri huingia karibu saa tisa na nusu na magharibi kati ya saa kumi na mbili na robo na saa moja kasorobo, mwaka mzima, kwa kuwa tuko karibu na ikweta. Basi kikao kianze saa kumi kamili na kiishe saa kumi na moja na nusu. Waislamu wameshaswali, anayerudi Malindi anapata matatu kabla ya giza, na hakuna anayetoka katikati. Kila wiki mbili, vikao sita kwa muhula. Zaidi ya hapo mtagongana na mitihani.

Dakika hizo 90 zitumieni hivi. Wasimamizi wawili wa dini tofauti: mmoja anashika saa, mwingine anatazama nyuso. Anzeni bila sala yoyote muhula huu. Najua wapo watakaoona hilo ni ubaridi, lakini sala ya pamoja ndiyo hofu ya kwanza ya mashekhe na wachungaji vilevile. Kanuni husomwa kwa sauti kila mara, hata mkizijua kwa moyo. Kisha swali moja la maisha, kwa mfano: "Ni lini dini yako ilikugharimu kitu?" Kila mmoja ana dakika mbili bila kukatizwa. Watu 12 ni dakika 24. Baada ya hapo, kwa robo saa, maswali ya kutaka kuelewa tu, yanayoanza na "ulifanyaje", "huwa inakuwaje", "nani alikufundisha". Swali linaloanza na "mbona nyinyi" msimamizi hulirudisha kwa upole liulizwe upya. Nusu saa inayofuata ni mazungumzo huru. Dakika kumi za mwisho ndizo ngumu kuliko zote na msizikate hata mkichelewa: kila mmoja anarudia jambo moja alilolisikia kwa mtu wa dini nyingine, na mwenyewe husema "ndivyo" au hulisahihisha. Hapo ndipo mnagundua jinsi mnavyosikia msichoambiwa.

Krister Stendahl, aliyekuwa askofu wa Kilutheri wa Stockholm, alitoa mwaka 1985 kanuni tatu ambazo zimesaidia wengi: ukitaka kuijua dini ya mtu muulize anayeifuata na si adui zake, usilinganishe lililo bora kwako na lililo baya kwake, na acha nafasi ya kutamani kitu kizuri ulichokiona kwake. Ya pili ndiyo huvunjwa zaidi. Mtu huleta huruma ya kitabu chake na kuiweka karibu na habari ya ugaidi aliyoiona katika simu.

Kwa hilo, shikeni adabu moja: jeraha hufunguliwa na mwenye nalo. Shambulizi la Chuo Kikuu cha Garissa la tarehe 2 Aprili 2015 liliua watu 148, wengi wao wanafunzi, na Wakristo walitengwa wauawe. Mwanafunzi Mwislamu asitakiwe kulijibia, na Mkristo anayelikumbuka kwa uchungu asinyamazishwe. Vivyo hivyo Shakahola, hapo hapo Malindi, ambako mwaka 2023 ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya waumini walioambiwa wafunge hadi wafe. Wakristo wenu ndio walianzishe wakiwa tayari. Mwislamu akilianzisha yeye litasikika kama kulipiza.

Mada ambazo ni shida ya wote zipo tele. Ya kwanza ningeichukua ile ya wazee wanaouawa katika kaunti yetu kwa tuhuma za uchawi. Wanaoshtaki na wanaoshtakiwa wamo misikitini, makanisani na nje ya vyote viwili, na nyuma ya tuhuma mara nyingi pana ugomvi wa shamba. Hapo hakuna upande ulio safi, kwa hiyo hakuna wa kumhukumu mwenzake. Nyingine: kuficha dini ili upate chumba cha kupanga, kumzika ndugu ambaye familia yake ina dini mbili, na mapenzi baina ya dini. Hili la mwisho mwaliache hadi kikao cha tano, lakini msilikwepe, kwa sababu mabwenini ndilo linalozungumzwa. Jiandaeni kwa ukweli wake: fikihi (sheria ya Kiislamu) iliyozoeleka inamruhusu mwanamume Mwislamu kuoa Mkristo na haimruhusu mwanamke Mwislamu kuolewa na asiye Mwislamu, Kanisa Katoliki hudai ruhusa maalumu mmoja akiwa hajabatizwa, na Sheria ya Ndoa ya 2014 ina mlango wa ndoa ya kiserikali.

Kusoma maandiko kunawezekana, kuanzia kikao cha tatu. Kuna utaratibu uliobuniwa miaka ya 1990 na wasomi Wayahudi na Wakristo, Peter Ochs, David Ford na Daniel Hardy wakiwamo, kisha Waislamu wakajiunga. Vifungu vifupi vya dini mbalimbali kuhusu jambo moja huwekwa mezani, mwenye kitabu husoma na kueleza kidogo, wengine huuliza, na hakuna anayetafuta mshindi wala makubaliano. Kwenu ningeanza na kisa cha Yusufu, sura ya 12 na Mwanzo 37, au Maryamu, sura ya 19 aya ya 16 hadi 21 na Luka 1:26–38. Mgiriama hana kitabu, basi alete maneno ya baraka ya wazee au maelezo ya mazishi, asimulie kwa kinywa. Mafundisho ya Utatu na kusulubiwa yaacheni muhula wa pili. Si haramu kuyataja, ila kila mtu ameshakariri hoja za mhadhara juu yake na atazitapika kabla hajafikiri.

Kuna mambo madogo ambayo huchoma bila mtu kukusudia. Chapeni tafsiri ya Kiswahili ya vifungu vyote kwenye karatasi moja: ya Shekhe Abdullah Saleh al-Farsy kwa Qur'ani na Union Version kwa Biblia zinatosha. Hivyo hakuna atakayelazimika kuushika msahafu bila udhu, wala kumtazama Mkristo akipiga mistari kwenye kitabu kitakatifu, jambo ambalo kwake ni bidii na kwa Mwislamu ni utovu wa adabu. Karatasi zisiwekwe sakafuni na zisitupwe. Mwislamu mmoja azikusanye mwisho na kuzihifadhi. Kwenye salamu, mwanamume angoje mwanamke anyooshe mkono kwanza, na asiponyoosha, mkono wako juu ya kifua unatosha.

Chakula ndicho kitakachowapa jina zuri au baya chuoni. Ramadhani na Kwaresima zinaelekea kukutana miaka hii. Mwaka 2025 mfungo ulianza mwanzoni mwa Machi na Jumatano ya Majivu ikawa tarehe 5, na Jumatano ya Majivu ya 2026 ni 18 Februari, siku zile zile za mwandamo wa Ramadhani. Futari ya pamoja ni rahisi kupatikana, ila ipangwe na wanaofunga. Nyama iwe ya kuchinjwa na Mwislamu, na sufuria zisiwe zilizopikiwa nguruwe. Lakini hapa Pwani mtego uko baharini. Kamba, pweza na ngisi ni halali kwa Mwislamu wa madhehebu ya Shafi, na Msabato hali hata kimoja. Mkatoliki hali nyama Ijumaa za Kwaresima. Mkipika mbaazi za nazi, wali na mchicha mmewafaa wote, hata Mhindi asiyekula nyama.

Kwa watu 24 tieni mchele kilo 3, mbaazi kavu kilo 2 zilizolowekwa usiku mzima, nazi 8, na tende kilo 1. Adhana ikilia, tende na maji kwanza. Waislamu wakaswali magharibi kama robo saa, wengine wangoje. Msianze kula bila wao. Mlo wote uishe kabla ya saa moja na nusu, isha na tarawehe zisichelewe. Na msichana Mwislamu akionekana kunywa maji mchana wa Ramadhani, hakuna anayemwuliza kwa nini.

Kutembeleana msikitini na kanisani kungojee muhula wa pili. Mkienda, mwenyeji aseme mapema nini kitatendeka na mgeni akae wapi. Kwenye misa mgeni hapokei komunyo, na ni vizuri aambiwe nje ya mlango kuliko kwenye foleni.

Kundi la WhatsApp liwe la matangazo tu, waandikaji wawe wasimamizi wawili. Nakala za kusambazwa, hata zilizo njema, zisiingie, kwa maana leo ni dua na kesho ni kashfa ya mchungaji fulani.

Usajili msiukimbilie. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 32, inawapa uhuru wa kuamini na wa kuzidhihirisha imani zenu, peke yenu au pamoja, kwa hiyo watu 12 kukaa chini ya mwarobaini hakuhitaji cheti. Mkishamaliza vikao sita na bado mnasalimiana, ndipo mwende kwa mkuu wa masuala ya wanafunzi (dean) na katiba ya chama, saini zinazotakiwa na walezi wawili, Mwislamu na Mkristo. Mlezi mmoja, hata awe mwema vipi, atakifanya kikundi kionekane cha upande wake. Uenyekiti uzunguke kila muhula, usikae mara mbili mfululizo katika dini moja, na usishikwe na mtu wa mwaka wa nne, maana akihitimu huondoka na funguo, namba za simu na kumbukumbu zote.